Kitabu cha Pili Tulichokishona

Mwezi uliopita nilirudi Mombasa kuhamisha vyombo vya marehemu bibi yangu. Nyumba yetu ya Mji wa Kale imepata mwenyewe mpya, bwana mmoja mwenye adabu zake, aliyenihakikishia kwamba mlango wa nakshi atauacha ulivyo na atabomoa vingine vyote. Nilimwambia ahsante. Kisha nikaingia, nikavua viatu kizingitini kwa mazoea ingawa sakafu ilikuwa na vumbi la kuandikia, nikaenda moja kwa moja chumba cha uani, kwenye kasha la bibi.

Wajua mwenyewe kasha la bi mkubwa linavyokuwa likifunguliwa. Kwanza hukupokea harufu, udi na karafuu na nguo zilizokaa sana, ndipo macho yaone. Nilitoa leso, nikatoa shali, nikatoa kofia za mkono zilizokomea njiani bila kumalizwa. Chini kabisa palikuwa na leso kuukuu iliyofungwa fundo, na ndani yake kitu kigumu cha pembe nne. Sikuhitaji kuifungua ili nijue. Kilikuwa kile kitabu cha pili.

Jalada limefifia na mende wamelitafuna pembeni. Lakini kurasa zake za mwisho, unene wa kidole hivi, zilikuwa bado zimeshonwa pamoja kwa sindano na uzi, kama mtu anavyoshona mdomo wa gunia. Kushonwa kwenyewe hakukunishangaza, maana nilikuwapo kitabu kiliposhonwa. Kilichonishangaza ni uzi. Nilipokipeleka dirishani nikaiona rangi yake, nilifunika kasha nikakaa juu yake. Nikikwambia sasa hivi hutanielewa, rafiki yangu. Acha nianze mwanzo.

Miaka ya tisini, nikiwa msichana wa shule ya msingi, ua wetu ulikuwa na saa yake. Baada ya sala ya alasiri, jua likishaondoka ukutani, wanawake walikuja mmoja mmoja na vifurushi vyao vya kushona. Walishona kofia za mkono, zile nyeupe zenye matundu madogo yaliyozungushiwa uzi, kazi ya kuumiza macho ambayo kofia moja yaweza kula miezi. Nje barazani muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake, watoto wa kiume walipiga mpira ukutani mpaka wakatukanwa, na jikoni mbaazi za nazi zilikuwa zikitokota. Kazi yangu ilikuwa kutia uzi kwenye sindano. Macho yao yalishaanza kuchoka, yangu yalikuwa mapya. "Nitilie, mama," mmoja angesema, akininyoshea sindano bila kuinua kichwa. Nami niulambe uzi, niupenyeze, nirudishe. Ndiyo maana mpaka leo nakumbuka mkono wa kila mmoja wao. Mishono ya bibi ilikuwa midogo, iliyosimama wima. Ya jirani yetu ililala upande, kwa sababu kidole chake cha shahada kiliwahi kuungua kwa mafuta ya moto na hakikukunjika tena.

Mwenye kisa hiki ni huyo jirani. Nyumba yake na yetu zilishirikiana ukuta, na chumvi ya nyumba ile ilikuwa ndiyo ya nyumba hii. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, kijana mpole aliyekuwa akinibeba mabegani kwenda kutazama mahamri yakikaangwa. Kijana huyo alizamia meli. Wengi walifanya hivyo wakati ule. Kazi hakuna, na meli zinaingia na kutoka mbele ya macho yao. Alitoka nyumbani Ijumaa baada ya chakula, akamwambia mamake anafika Mbaraki, bandarini, mara moja. Baadaye rafiki yake akaja kusema amemwona akipanda kwa kamba. Basi. Haikuja barua, haikuja simu, haikuja hata habari mbaya.

Tangu hapo kila Ijumaa jirani alipika pilau, akamwekea mwanawe sahani, akaifunika kawa, na sahani ikakaa hapo mpaka magharibi. Tena alikuwa akimshonea kofia ya uzi wa rangi ya kahawa, rangi aliyoipenda kijana. Kofia hiyo haikuwa na mwisho. Akikaribia kuimaliza, anaifumua, anaanza upya. Bibi alipomuuliza anajitesea nini, alisema, "Kitwa cha mwana hukua. Nikishona kwa kipimo cha yana, akiya itambana." Hakuna aliyemuuliza tena.

Kitabu cha kwanza aliingia nacho khalati yangu, mdogo wake mama, aliyekuwa amerudi kwao baada ya ndoa iliyomshinda. Alikinunua mtaa wa Bondeni, kwa mzee mmoja aliyepanga vitabu mezani nje ya duka, vipya na vikuukuu pamoja. Khalati alijaaliwa kusoma. Alikuwa na sauti ya jambazi, sauti ya askari, sauti ya mwanamke mwenye siri, na alijua pa kunyamaza. Bibi na jirani walisoma Kurani vizuri sana, na hata Kiswahili chao walikiandika kwa herufi za Kiarabu, lakini herufi za kizungu hawakuzijua. Kwa hiyo alisoma mmoja, wengine wakasikiliza.

Na kilikuwa kitabu cha kukata pumzi! Kijana kibarua wa bandarini anaona asichotakiwa kukiona, watu wenye visu wanamwandama, na yeye hajui amwamini nani, mjombake au rafiki yake. Bibi aliweka sheria ya sura moja kwa siku, kwa sababu kazi ilikuwa ikilala. Sindano zinasimama hewani, na mtu akikohoa anakaripiwa. Kitabuni kijana yule alikuwa na jina lake, lakini uani kwetu hakuitwa hilo. Aliitwa "kijana wetu." Kwenye ukurasa wa mwisho kijana wetu anawakimbia maadui, anajitumbukiza katika ghala la chini la meli, kifuniko kinafungwa juu yake, kiza kinatanda, na mumo humo gizani anasikia nyayo za mtu. Hapo mwandishi akaweka kalamu chini, akasema tungoje kitabu cha pili.

Bibi alidhani kurasa zimechomoka. Alikichukua kitabu akakikung'uta juu ya mkeka, kama atakayeona mwisho ukianguka. Alipohakikisha kwamba kweli kimeishia hapo, alimlaani mwandishi kwa lugha ambayo sitaiandika, maana marehemu hasemwi. Nilimwona jirani ameishika ile kofia ya rangi ya kahawa kwa mikono miwili, na nilikuwa mtoto lakini nilielewa kwamba kwake yeye hiki si kisa tena. Ilikuwa ndiyo habari ya kwanza aliyopata ya kijana aliyeingia melini.

Basi tukangoja. Kila aliyekwenda Marikiti kununua nazi aliombwa arudi kwa njia ya Bondeni amuulize mzee wa vitabu. "Kinachapwa," alisema. Baadaye, "Kimechapwa." Baadaye tena, "Kimechapwa, ila hakijafika pwani." Na uani, mtu hakuweza kutia sindano kwenye kitambaa bila kutoa maoni yake.

Muuza mbaazi wa kona yetu, ambaye jioni aliacha sufuria yake akaja kukaa nasi, alishikilia kwamba mbaya wa kisa ni mjomba. Ushahidi wake ulikuwa mmoja. "Sura ya pili aliamkuliwa hakuitika. Mtu asoitika salamu, wamwaminije?" Bibi kwa upande wake hakuhofu lolote. "Hafi huyu," alisema. "Akifa yeye, kitabu cha tatu kitakuwa cha nani?" Na mpangaji wetu wa juu, mama wa Kigiriama, Mkristo, aliyefanya kazi katika godauni la chai huko Mbaraki na kuja kwetu na ukili wake wa kusuka, siku moja alisema ya kwake bila kufikiri. "Mimi meli naziona kila siku. Kule chini hakuna hewa. Huyu mwandishi amemtia mtoto wa watu mahali asipojua atamtoaje."

Bibi akamkanyaga mguu. Mpangaji akamtazama jirani, akaelewa alichosema, akaanza kukusanya ukili wake kwa haraka. "Lakini ya Mungu ni mengi," alisema. Jirani akamwambia akae, chai bado ya moto. Hivyo ndivyo walivyokuwa wanawake wale, mtu akikuumiza kwa bahati mbaya unamwongezea chai.

Kitabu cha pili kilifika wakati wa mvua. Khalati alikuja akikimbia, buibui limemshuka mabegani, amekikumbatia asikiloweshe. Bibi alikaanga kaimati kama vile siku ya Idi. Tulihamia ukumbini kwa sababu ya mvua, mlango wazi, matone yanapiga kwenye ndoo, na khalati akafungua ukurasa wa kwanza. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, hamna kijana wetu! Mwandishi alikuwa amemwacha kule kule gizani, akatuletea inspekta kutoka Nairobi, mtu wa suti ambaye hakuna aliyemwomba.

Ewe ndugu yangu, inspekta yule alichukiwa. Barazani wanaume, ambao walikuwa na nakala yao ya kupokezana, walikuwa wameshatoa hukumu kwamba cha pili hakifiki cha kwanza, ni chai iliyoongezwa maji. Uani maoni yalikuwa makali zaidi. Mjomba alipoonekana hana hatia, muuza mbaazi alikataa katakata. "Aloandika amekosea," alisema, na tangu siku hiyo alisikiliza kisa kama mtu aliyepunjwa. Mpangaji alisema inspekta anakunywa chai zaidi ya kufanya kazi. Bibi alitaka kujua kwa nini askari kanzu apewe sura nzima ilhali mtoto hajala. Lakini jirani hakuwa na maoni juu ya watu hao. Kila khalati alipofungua kitabu, yeye aliuliza swali lile lile moja. "Yeo yumo?"

"Hayumo bado, dada."

"Haya. Soma."

Sheria nyingine ya bibi ilikuwa kwamba hakuna ruhusa kusoma mbele. Kitabu kililala juu ya kabati lake. Lakini khalati alikuwa kijana, na aliteseka kuliko sote kwa sababu yeye peke yake aliweza kukifungua. Siku moja mchana, bibi akiwa amejinyosha, alikichukua. Hilo nililijua baadaye. Nilichokiona mimi ni kwamba alasiri ile macho yake yalikuwa mekundu, na alikaa mbali na jirani.

Alisoma ukurasa mmoja, akaomba maji. Akasoma wa pili kwa sauti ambayo haikuwa ya jambazi wala ya askari wala ya mtu yeyote. Jirani akaweka sindano chini.

"Umesoma mbele," alimwambia.

"Sikusoma, dada."

"Uso wako wanambia. Tangu alipotoka mwanangu, miye kazi yangu ni kutazama nyuso za watu, nione nani yuwajua jambo na hanambii. Uso huo naujua."

Khalati alifunika mdomo kwa mtandio wake akalia. Alilia kama aliyefiwa, na wote tuliokuwa pale tukajua, hata mimi niliyekuwa na sindano mkononi. Mvua ilikuwa imekatika. Bibi alisema kwa upole, "Basi funga kitabu, mwanangu."

"Kifunge," jirani alisema. "Na msinambie. Mkinambia yu hai, ntaona mwanidanganya. Mkinambia..." Aliacha hapo. "Kijana wetu nimemwata yu hai chini ya meli. Nataka abaki papo hapo nilipomwata."

Sijui watu wa miji mingine wangefanyaje. Pengine wangekitupa kitabu, au wangekirudisha dukani. Wanawake wangu walikuwa watu wa sindano, na mtu wa sindano akiona kitu kimefunguka hushona. Bibi alininyoshea mkono. "Nitilie uzi mweupe, mama, uuzidishe uwe nyuzi nne." Mpangaji akakibana kitabu kwa magoti yake kisiteleze, muuza mbaazi akashika taa kwa sababu umeme ulikuwa umepotea, na bibi akaanza kushona kurasa zile, kuanzia pale khalati alipoachia hadi jalada. Karatasi ilikuwa nene, sindano ikagoma, akaisukuma kwa kisigino cha kijiko. Alishona pande zote tatu, mishono yake midogo iliyosimama wima. Akakata uzi kwa meno, akampa jirani kitabu. "Kaa nacho weye. Siku ukitaka, tutafumua."

Halafu akageuka kwetu, na kwa sauti ile ile ya kugawa chakula akasema kila mtu atoe mwisho wake.

Rafiki yangu, nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo, na baadhi yake nimevisifu mbele za watu, lakini sijapata kusikia miisho kama ile. Bibi alimleta kijana nyumbani na mke, na mke huyo hajui kupika, ikawa kazi ya mamake kumfundisha. Muuza mbaazi alimfunga mjomba gerezani. Bila hilo kwake hapakuwa na mwisho. Na mpangaji wetu, yule yule aliyesema hakuna hewa, alisuka mpaka zamu yake ilipofika, ndipo akasema pole pole kwamba nyayo zile gizani ni za mpishi wa meli. Mzee mpishi anamkuta kijana, anamhurumia, anamficha nyuma ya magunia ya viazi na kumlisha. Wanafika nchi ya baridi. Kijana anajifunza kazi ya jikoni, yu mzima, ila haandiki barua, kwa sababu anaona haya kumwandikia mama mikono mitupu. "Anangoja apate cha kutia ndani ya bahasha," alisema mpangaji. Jirani alimshika mkono, akacheka, na machozi yanamtoka.

"Na wako?" bibi alimuuliza.

"Mie sina. Nawasikiliza."

Toka hapo hatukusoma kitabu kingine. Alasiri ilikuwa ya miisho. Mpishi wa meli alipata jina na ugonjwa wa miguu, mke asiyejua kupika alijifungua mapacha, na kila jioni kijana wetu alikuwa karibu kufika. Khalati peke yake hakutoa mwisho hata siku moja. Alikuwa akisema koo linamuuma.

Baada ya hapo kidogo, jirani aliniita juu ya ukuta. "Mwanangu, hebu ndoo." Njoo yake ilikuwa ndoo. Nikaenda nikidhani nitatumwa dukani. Alikuwa ametandika mkeka, amepanga juu yake pakiti ya majani ya chai, kiberiti na karatasi ya sabuni. Alitaka nimfundishe herufi za kizungu. "Barua za mwanangu zikiya," alisema, "hazifai kupita midomo ya watu. Nataka nizisome mwenyewe."

Hebu fikiria mtoto kupewa cheo kama hicho. Nilijinunulia chaki. Nilichapa mkeka kwa rula kama mwalimu wetu wa darasa, nikamfokea mwanamke aliyenizidi umri mara nyingi, naye akajibu, "Nisamehe, mwalimu." Tabu yake ilikuwa moja tu: kwa kuzoea maandishi ya Kiarabu, jicho lake lilikimbilia kulia kwanza, na ikabidi niweke kidole changu upande wa kushoto wa kila neno kimsubiri. Lakini kusoma alishajua maisha yake yote, ni mavazi ya herufi tu yaliyobadilika. Kabla ya mfungo alikuwa akisoma vibao vya maduka, tukipita njiani, kwa sauti ndogo, na mimi nikitembea kifua mbele.

Siku moja akasema, "Yatosha, mwalimu wangu." Nililalamika kwamba bado hajui kuandika. Alinibusu kichwani akasema alilolitaka amelipata. Nilirudi nyumbani nimenuna.

Mambo mengine niliyaona wakati ule bila kuyaelewa. Ile kofia ya rangi ya kahawa haikuonekana tena uani. Muuza mbaazi alipoiulizia, jirani alisema imepotea, naye akatoa kitambaa cheupe akaanza nyingine, ya kuuza, akaishona moja kwa moja mpaka mwisho. Na sahani ya Ijumaa aliendelea kuiweka, lakini haikungoja magharibi tena. Adhuhuri hiyo hiyo aliniita juu ya ukuta. "Ndoo ule, kisipoe." Nilikula pilau ile kwa furaha, nyama zote kubwa zangu, yeye akinitazama.

Kisha ikaja alasiri moja, bibi akiwa katikati ya mapacha wake, jirani akasema, "Yeo ntasema wangu."

Sindano zikasimama.

"Mie naona amefika," alisema. "Safari ilikuwa na kiza, lakini haikuwa ndefu. Yuko pahali hapana mawimbi, wala hapana wa kumwandama. Amechoka, amelala. Msimhangaishe tena na mapacha, wangu. Mwateni alale."

Wakaitikia amin. Muuza mbaazi alipiga kigelegele. Bibi alisema huo ndio mwisho mzuri kuliko yote, na tukafurahi kwamba hatimaye mama mwenyewe amepata tumaini. Khalati aliinuka akaingia jikoni, na nakumbuka aliacha maji yakifurika kwenye sufuria.

Basi miaka ikafanya kazi yake. Mpangaji alistaafu akarudi kwao. Muuza mbaazi alifariki akiwa bado ana kesi na mjomba. Mimi nikapelekwa shule mbali, na nilikuwa huko jirani alipofariki. Mwanawe hakurudi. Hajarudi mpaka leo. Vyombo vya jirani viligawanywa, na kitabu kikarudi kwa bibi katika leso yake.

Sasa unajua kwa nini nilikaa juu ya kasha. Bibi alishona kwa uzi mweupe, niliutia mimi kwenye sindano kwa mkono wangu. Kitabu nilichokishika dirishani kimeshonwa kwa uzi wa rangi ya kahawa, na mishono yake yote imelala upande. Ukitazama karibu, utaona matundu madogo ya zamani yaliyo matupu, yale ya bibi.

Nilimpigia khalati simu. Sikuwahi kumuuliza maisha yangu yote, wala yeye hakuwahi kunieleza. Nilimuuliza kitabu kinaishaje.

"Kijana afa," alisema, mara moja, kama mtu aliyekaa na jawabu mdomoni miaka. "Kule kule chini, meli haijafika hata mbali. Ukurasa wa mwisho ni mamake, yuko kwenye lango la bandari, angoja. Hapana mtu aliyemwambia."

"Jirani alikifumua," nikamwambia. "Alikisoma, akakishona tena."

"Nalijua," alisema. "Sikukiona, lakini nalijua siku ile aliposema mwisho wake. Mama anayetumaini husema mwanangu atarudi. Yeye alisema amelala."

Nililia siku hiyo kwa ajili ya mtu aliyekufa zamani, na ninaona bado nitalia. Namfikiria akiwa peke yake nyumbani mwake, kidole kwenye upande wa kushoto wa neno kama nilivyomfunza, akienda pole pole kuelekea kwenye lango lile la bandari. Sijilaumu, nilikuwa mtoto na aliniomba. Ila moyo haujui hesabu za nani alijua nini. Alifumua kofia ya mwanawe ili apate uzi wa kufungia alichokisoma, kisha akaja uani na kitambaa chake akakaa kutusikiliza tukimpa matumaini, alasiri baada ya alasiri, bila kumkata mtu kauli. Tulishona sisi ili asiumie, akashona yeye ili tusijue ameumia. Na bibi, aliyepokea kitabu na kuijua mikono ya wote, aliona uzi ule akakifunga tena ndani ya leso bila kumwambia mtu.

Pembe moja uzi umeoza, mishono imekatika, na ukurasa wa mwisho umefunua mdomo. Ningeweza kuingiza kidole nikasoma. Badala yake nilipekua kashani nikapata sindano ya bibi imechomekwa kwenye kipande cha flaneli, na kibiringo cha uzi. Nje mafundi wa mwenyewe mpya walikuwa wakipima ukuta, ule ule aliokuwa jirani akiniitia juu yake. Nikaulamba uzi, nikalilenga tundu, nikakosa. Nikalilenga tena. Macho yangu siku hizi ni ya miwani. Basi nikanyosha mkono pembeni na ile sindano, bila kuinua kichwa, na nilikuwa nimeshasema "nitilie, mama" kabla sijakumbuka kwamba uani hamna mtu.